Jiwe Ndani ya Birika

Hotuba niliyoitoa kwa wanakijiji wenzangu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, uwanjani mwa skuli, baada ya sala ya alasiri

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Bwana sheha, wazee wangu, walimu, kina mama, na nyinyi vijana mliokaa juu ya ukuta kule nyuma. Nashukuru kwa kuitwa nyumbani. Sheha aliponifuata karakanani mjini, ninakotengeneza vyombo vya umeme, aliniambia neno moja tu: "Njoo utueleze kwa nini mabirika yetu yanakufa." Nimekuja, na nimekuja na hii hapa mkononi. Walio mbali hawaioni vizuri, basi nitaipitisha kwenu, mwishike, mwipime uzito.

Hii ni koili, yaani kile chuma kinachopasha maji, ya zile hita zinazotundikwa bafuni. Ilipotoka dukani ilikuwa nyembamba kama kidole changu cha mwisho, na inang'aa. Sasa ni nene kama muhogo. Igongeni kwa kucha: inalia kama jiwe. Inalia hivyo kwa sababu ni jiwe, na ni jiwe la hapa hapa tulipokaa. Hakuna aliyelitia kwa mkono. Limeingia na maji ya mfereji, yaani ya bomba, tone kwa tone.

Wazee mnamkumbuka marehemu baba yangu. Alikuwa mchoma chokaa. Mimi na ndugu zangu tulikata magogo, tukayapanga duara, juu yake tukapanga mawe ya matumbawe, na jioni baba akatia moto. Tanuu liliwaka usiku kucha. Ukipita asubuhi unaona mawe yale yale, umbo lile lile, lakini ukiyanyanyua ni mepesi kama mkate mkavu. Yakimwagiwa maji yanafoka, yanapasuka, yanageuka unga. Unga ule ndio uliojenga nyumba za mawe za kisiwa hiki na misikiti yake. Fundi mwashi akiupaka ukutani ni laini kama uji, na mwaka ukipita ukuta umekuwa mgumu, msumari hauingii.

Nilikuwa mtoto, nikamuuliza baba: unga unakuwaje jiwe tena? Akanijibu, "Unarudi asili yake." Jibu lile nilichelewa kulielewa. Nilipokwenda kusomea ufundi ndipo nikajua kwamba baba alisema kweli tupu. Ndani ya jiwe la matumbawe kuna chokaa na kuna hewa, ile inayoitwa hewa ukaa, iliyofungamana nayo. Moto wa tanuu huifukuza hewa ile, ndiyo maana jiwe linakuwa jepesi. Plasta ikishapakwa ukutani huivuta tena hewa ukaa kutoka angani, kidogo kidogo, mpaka inakuwa jiwe kama mwanzo.

Haya, shikeni hapo, maana hadithi ya birika ni ndugu wa hadithi hiyo.

Mvua ikinyesha hupita angani, kisha hupita kwenye udongo, na kote huko huchukua hewa ukaa. Maji yakiwa na hewa hiyo yanakuwa na ukali kidogo, ni ukali ule ule ulioko ndani ya soda ya chupa, ila dhaifu zaidi. Kisha yanazama kwenye uwanda wetu. Mnaujua uwanda: jiwe tupu, ukichimba shimo la mgomba unahitaji mtaimbo. Maji yanapita ndani ya jiwe hilo, na ule ukali mdogo unalimung'unya. Jiwe linayeyuka majini kama sukari kwenye chai, na likishayeyuka halionekani. Maji yakifika kisimani ni maangavu, ukitazama chini unaona sarafu. Lakini yamebeba jiwe.

Sasa unayatia kwenye birika, unawasha. Moto unafanya nini? Unaifukuza hewa ukaa, kama tanuu la baba. Na ile hewa ndiyo iliyokuwa ikiyasaidia maji kulishika jiwe. Hewa ikiondoka, maji hayawezi tena kulibeba, linaachwa pale pale. Linaganda wapi? Penye moto mkali zaidi, yaani juu ya koili yenyewe, au kwenye kitako cha sufuria. Wavulana mnaoingia mapangoni kule Jambiani mmeyaona mawe yanayoning'inia kama vidole kutoka juu. Ni kazi hiyo hiyo, ila pango halina moto, linangoja tone lipumue hewa yake polepole, kwa miaka mingi sana.

Ukoga huo mweupe, yaani jiwe lililoganda, basi, si uchafu. Nasema hivyo kwa sababu nimewaona kina mama wakiona haya kumpa mgeni chai kwa ajili ya vipande vyeupe kwenye kikombe. Maji yenye chokaa huitwa maji magumu, na wataalamu huyapima kwa miligramu za chokaa katika kila lita. Chini ya 60 ni laini, kutoka 120 huitwa magumu, na yakizidi 180 ni magumu sana. Tuseme maji ya mtu yana 300. Nyumba inayochemsha lita 10 kwa siku imepitisha gramu 3 za jiwe ndani ya birika. Kwa mwaka ni zaidi ya kilo moja. Si yote hubaki ndani, mengi tunayanywa na mengine tunayamwaga, lakini hata ikibaki robo yake, tazameni hiyo koili mnayopokezana.

Kabla ya dawa, nataka tutenganishe vitu viwili ambavyo midomo yetu imevichanganya. Mtu akionja maji ya kisima yasimpendeze, husema yana chumvi. Akiona weupe kwenye sufuria, husema chumvi hiyo. Mimi mwenyewe nimekua nikisema hivyo. Lakini chumvi ya bahari haigandi kwenye birika, hata uchemshe kutwa. Inabaki imeyeyuka mpaka maji yakauke kabisa. Kazi yake ni nyengine: inakula chuma. Tangi la hita likitoboka upande, skrubu ikiota kutu, mfereji ukiliwa shingoni, hiyo ni chumvi. Weupe unaoganda ni chokaa, na chokaa haili chuma, inakifunika. Ni maradhi mawili na kila moja lina dawa yake.

Sisi wa pwani hii tunayapata yote mawili, na sababu iko chini ya miguu yetu. Maji matamu ni mepesi kuliko maji ya bahari, kwa hiyo huko chini ya jiwe yanaelea juu yake. Pampu ikivuta polepole inapata ya juu. Ikivuta kwa pupa, mchana na usiku, ya chini yanapanda, na kisima kilichokuwa kitamu zama za bibi kinaanza kuingia chumvi. Wenye visima karibu na pwani hilo mnalijua bila ya kufundishwa na mimi.

Unataka kujua maji yako yana kipi? Chemsha lita moja kwenye sufuria safi, iache itulie mpaka ipoe. Ukikuta vumbi jeupe chini, au utando juu, pana chokaa. Kisha onja yale yaliyopoa. Kama bado yana chumvi ulimini, hiyo ni ya bahari, na kuchemsha hakutaiondoa. Na dawa ya vijidudu inayotiwa kwenye maji ya mfereji nayo haigusi chokaa wala chumvi, maana haikuwekwa kwa ajili hiyo.

Sasa vyombo. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu nimebeba deni nalo.

Miaka yangu ya mwanzo ya kazi, niliitwa kwenye nyumba moja ya wageni upande huu wa mashariki. Hita haichemshi. Nikafungua, nikakuta koili imeungua, nikatia mpya, nikalipwa. Baada ya miezi michache wakaniita tena, koili imeungua. Nikatia ya pili. Mwenye nyumba akalalamika kwamba dukani wananiuzia koili mbovu, na mimi nikakubaliana naye, nikaenda kugombana na mwenye duka ambaye hakuwa na kosa lolote. Mara ya tatu nilikuwa na muda, nikaamua kulishusha tangi lote chini na kulifungua kitako. Nikatoa nusu ndoo ya vigae vyeupe. Koili zote mpya nilizotia nilikuwa nikizizika ndani ya kifusi cha chokaa. Zitapumua vipi?

Koili inaishi kwa kuyapa maji joto lake. Shaba hupitisha joto zaidi ya mara 100 kuliko ukoga wa chokaa, kwa hiyo koili iliyofunikwa ni kama mtu aliyevalishwa blanketi juani. Joto linabaki ndani, waya wa katikati unazidi kuwa mwekundu, mwisho unakatika. Ndiyo kifo cha mabirika yenu, bwana sheha. Nane kati ya kumi yanayoletwa kwangu kutoka huku shamba yamekufa hivyo, na wengi mlidhani mmeuziwa feki.

Hapa niseme jambo ambalo watu wengi hulikosea. Mnaambiwa kwamba chokaa inakula umeme, kwamba yuniti za tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, zinakwisha kwa ajili ya ukoga. Kwa chombo ambacho koili yake imezama majini, si sana. Joto lile halina pa kwenda ila majini. Litachelewa, lakini litafika. Hasara yako kubwa pale ni koili yenyewe. Ni kwa gesi na makaa ndipo ukoga unapokula mali. Sufuria iliyoganda jiwe kitakoni, moto unaligonga jiwe, unapita pembeni, unakwenda kupasha joto ukuta wa jiko. Mama anayechemsha maji ya kunywa kila siku kwenye sufuria ile ile ya miaka mitano, mtungi wake wa gesi unakwisha mapema na hajui kwa nini.

Kwa wenye hita za bafuni, jambo la kwanza halina gharama. Kuna kitufe au skrubu ya kuwekea nyuzi za joto. Watu wetu wanakizungusha mpaka mwisho, halafu wanachanganya na maji ya baridi kwa sababu hayaogeki. Chokaa huganda kwa kasi zaidi kadiri joto linavyopanda. Weka nyuzi 60. Usishuke sana chini ya hapo, kwa sababu maji ya uvuguvugu yakikaa tangini huzaa vijidudu. Sitini inatosha, na koili itaishi. Jambo la pili ni kwa chumvi: ndani ya tangi kuna fimbo ya magnesiamu, imewekwa makusudi iliwe na kutu badala ya tangi. Ikishakwisha, kutu inahamia kwenye tangi. Mwambie fundi aitazame kila mwaka, na siku hiyo hiyo asafishe kitako. Vijana mnaojifunza kazi hii, nawaomba sana: msitie koili mpya kwenye tangi ambalo hamjalisafisha. Mteja hatajua, lakini wewe utajua.

Mashine za kufulia ziko chache hapa lakini zinaongezeka, maana watoto walioko nje wanawaletea mama zao. Mtaambiwa mnunue vidonge vya kuzuia chokaa. Mkifua kwa maji ya baridi, na wengi wetu ndivyo tunavyofua, koili ya mashine haiwaki, na pasipo moto chokaa haigandi sana. Okoa pesa yako. Kinachoziua mashine zetu ni mchanga. Pale mpira wa maji unapoingia nyuma ya mashine pana chujio dogo kama kofia ya mtoto wa mdoli. Lifungue kila mwezi, lisuuze. Mwenye kufua kwa maji ya moto, huyo ana haja ya dawa, na dawa nitaisema sasa hivi.

Pasi ya mvuke ina vitundu vidogo mno, na chokaa huviziba upesi. Kisha asubuhi ya Idi, kanzu nyeupe iko mezani, unabonyeza mvuke na inatema unga mweupe, au mbaya zaidi, maji ya kahawia. Maji ya mfereji usiyatie humo kabisa. Tia maji ya mvua yaliyochujwa kwa kitambaa safi, au yaliyochemshwa, yakatulia, ukamimina ya juu.

Shawa ikiziba, tia siki kwenye mfuko wa nailoni, uvishe shawa, ufunge kwa kamba, asubuhi ufungue. Tangi la choo likitiririka usiku kucha, kabla ya kununua mashine nzima tazama kwanza mpira wa koki ya boya: punje moja ya chokaa inatosha kuuzuia usifunge.

Dawa, basi. Baba alijua dawa ya chokaa, ingawa hakuwa na birika la umeme. Alikuwa akisema usimwage ukwaju kwenye sakafu ya chokaa, utaila. Kila kilicho kichachu hula chokaa: ndimu, siki, ukwaju. Uchachu unalifungua jiwe, hewa ukaa inatoka, ndiyo yale mapovu mnayoyaona, na jiwe linarudi majini.

Kwa birika nafanya hivi. Natia lita moja ya maji na vijiko viwili vya chakula vya ndimu ya unga, ile tunayotia kwenye achari na urojo. Nayapasha yawe ya moto wa kuvumilika kwa mkono, nazima. Siyachemshi, na hili nalisisitiza, kwa sababu ndimu iliyoyeyusha chokaa ikichemka sana huacha mchanga wake mwengine mweupe ambao ni mgumu kuondoka. Naiacha nusu saa. Namwaga, nasuuza mara mbili, nachemsha maji matupu mara moja na kuyamwaga, kisha chai. Kama ukoga ni mnene, narudia. Kisu na steelwool sivitumii, maana koili ikichubuka chokaa inapata mahali pa kushika. Ndimu mbichi zinafanya kazi pia, kamua tano au sita kubwa, lakini mwezi wa Ramadhani zinapopanda bei ni dhambi kuzimalizia kwenye birika. Fanya hivyo kila mwezi. Na kila usiku mwaga maji yaliyobaki, usiyalaze humo.

Sasa makatazo, na hapa nisikilizeni kwa masikio yote mawili. Kuna mafundi wanaosafisha mahita kwa asidi ya betri ya gari. Nimeona kijana aliyeungua mkono mpaka kwenye kiwiko. Na mbali na hatari, ile asidi haiyeyushi chokaa vizuri, inaigeuza jasi, nayo jasi hukaa pale pale imeganda. Umejiunguza bure. La pili: siki au ndimu visikutane kamwe na jiki, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Vikikutana hutoka hewa ya klorini, inayochoma mapafu. Mwanamke amejifungia chooni anasugua, ametia jiki, hakuona matokeo, anaongeza siki: huyo amejitia hatarini. Kimoja tu kwa siku, na usuuze baina yao. La tatu ni lile la baba. Ukimaliza kusafisha, maji yale machachu usiyamwage kwenye baraza wala ukutani mwa nyumba ya chokaa. Ukuta ni jiwe lile lile, utaliwa vilevile.

Mtaletewa pia sumaku za kufunga kwenye bomba, na muuzaji atawaapia kwamba zinageuza maji kuwa laini. Mimi nimefunga, nimefungua baada ya miezi sita, nimekuta ukoga ule ule. Siwashauri kutoa pesa zenu. Mitambo ya kweli ya kulainisha maji ipo, hoteli zinayo: maji yanapita kwenye punje ndogo zinazoikamata chokaa na kutoa badala yake sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, na mara kwa mara lazima zioshwe kwa maji ya chumvi nyingi, kisha maji hayo yamwagwe. Kwa nyumba ya kawaida ni mzigo, na maji yaliyotoka humo kwa mwenye presha si ya kunywa bila ya kumuuliza daktari.

Sisi tuna maji laini bila ya mtambo, yanatoka juu. Mvua haijakutana na uwanda bado, haina chokaa. Neno birika lenyewe linatukumbusha: mbali na chombo cha chai, birika ni pia lile la msikitini, la mawe na chokaa, watu wakitilia udhu. Wazee walijua kuyahifadhi maji. Sayyid Barghash, sultani aliyetawala kutoka 1870 mpaka 1888, aliyatoa maji ya chemchemi mbali akayafikisha mjini, na leo kila mtu anataka mfereji uani, ni haki yake. Lakini bati zetu zinamwaga mali wakati wa masika na vuli. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati ya mita za mraba 50, usiku mmoja wa mvua ya milimita 20, ni lita 1,000. Iache mvua ya mwanzo ioshe bati, kisha kinga. Yatumie kwenye birika, pasi na kanzu nyeupe. Ya mfereji yafanye mengine.

Nimetaja kanzu, basi kina mama wanaofua kwa mikono wananidai maneno. Sabuni ya mche ikikutana na chokaa haifanyi povu, inafanya utando wa kijivu unaong'ang'ania nguo, ndiyo maana khanga inakauka ngumu na nyeupe inafifia. Unaongeza sabuni, unaongeza utando. Bibi zetu walitia magadi kwenye maji ya kufulia kwanza, wakayaacha yatulie, chokaa ikazama, ndipo wakatia sabuni. Ni elimu sahihi kabisa, vitabu vya kemia vinaiunga mkono. Na sabuni ya mafuta ya nazi inatoa povu hata kwenye maji ya bahari, nyinyi mnaoitengeneza mnalijua hilo kuliko mimi. Magadi hayo hayo ndiyo yanayolainisha kunde na choroko kwenye maji haya, maana chokaa hulifanya ganda la kunde kuwa gumu.

Mtu mmoja aliniuliza pale mlangoni kabla hatujaanza: maji haya hayaleti mawe ya figo? Wengi mnaogopa hilo, kwa sababu mnaona jiwe kwenye birika na mnaliwazia tumboni. Tumbo si birika, halichemshi. Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo cha kiafya kwa ugumu wa maji. Chokaa ya majini ina kalsiamu, madini yale yale yaliyomo kwenye mifupa na meno. Lenye kujulikana kuhusu mawe ya figo ni kwamba kunywa maji machache kunayasaidia kuja, na mimi nahofia mtu ataacha kunywa maji kwa kuogopa maji. Aliyekwisha kuugua figo amsikilize daktari wake. Wengine kunyweni. Na utando ule juu ya chai ya rangi, mkamulie ndimu kidogo. Tazameni unavyotoweka, halafu mniambie kama hamkuielewa kemia.

Nilidhani nimemaliza hapo. Lakini bibi mmoja aliyekaa mkekani mbele alinyoosha mkono, na swali lake naliandika kwa sababu lilinigusa kuliko yote.

Akasema, "Mwanangu, marehemu mume wangu alikuwa muuza kahawa. Ameniachia dele lake la kahawa. Ndani limefanya ganda jeupe, na kahawa haitoki vizuri mdomoni. Mjukuu wangu anataka kulitia ndimu ya unga usiku kucha. Nimruhusu?"

Nikamwambia: bibi, usimruhusu. Dele si birika la umeme. Ni la shaba, na ndani yake limepakwa kalai kuifunika shaba hiyo, na uchachu ukikaa usiku kucha unaweza kuila kalai pamoja na chokaa, shaba ikabaki wazi, na shaba iliyo wazi si nzuri kwa kahawa ya kunywa watu. Tia maji ya uvuguvugu na kijiko kimoja tu cha ndimu ya unga, dakika kumi, umwage, utazame. Ganda likilegea, lisukume kwa kijiti cha mbao, kisha usuuze. Urudie kesho kutwa, usifanye haraka. Mdomo wake uuzibue kwa chelewa, ule ujiti wa ukuti wa mnazi. Ukiona wekundu wa shaba ndani, acha, halipikiwi tena mpaka litiwe kalai upya.

Akaniuliza kama mafundi wa kutia kalai bado wapo. Nikamwambia nitamtafutia. Tukakubaliana kwamba kesho asubuhi, kabla sijapanda gari kurudi mjini, nitapita kwake, tulifungue dele lile tulitazame pamoja kwenye mwanga.